Kima cha chini cha mshahara na ajira: utegemee ushahidi wa New Jersey au wa Seattle?

Kila inapotajwa nyongeza ya kima cha chini cha mshahara, pande mbili hujitokeza, na kila upande una utafiti wake mkononi. Wanaosema ajira haipungui huchomoa ule wa New Jersey, jimbo la Marekani, wa 1992. Wanaosema mnyonge ndiye atakayeumia huchomoa ule wa Seattle, jiji la jimbo la Washington huko huko Marekani, wa 2015 na 2016. Tafiti zote mbili zilifanywa na watu makini kwa takwimu halisi, na bado zinapingana. Mjumbe wa bodi ya mishahara, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwenye kiwanda kidogo anayepanga bajeti ya mwakani, atashika upi?

Jibu letu tulitangulize. Ukitaka kujua ni watu wangapi watapoteza kazi, New Jersey na tafiti zilizofuata nyayo zake zina nguvu zaidi, mradi nyongeza yenyewe isivuke mpaka tutakaoutaja. Ukitaka kujua ni nani atakayefungiwa mlango kabla hajaajiriwa, Seattle iliona jambo ambalo New Jersey haikuliona. Na kwa shamba la chai Kericho au nyumba yenye dada wa kazi Dar es Salaam, hakuna hata mmoja unaotosha. Hapo ni heri kutazama Afrika Kusini.

| | New Jersey | Seattle |
|---|---|---|
| Nyongeza | Dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, 1 Aprili 1992 | Kutoka dola 9.47 hadi 11 (Aprili 2015), kisha hadi 13 kwa waajiri wakubwa (Januari 2016) |
| Ukubwa | Asilimia 19 kwa mkupuo mmoja | Hadi asilimia 37 ndani ya miezi tisa |
| Waliochunguzwa | Migahawa 410 ya chakula cha haraka, majimbo mawili | Kazi zote za chini ya dola 19 kwa saa, katika biashara zenye kituo kimoja |
| Kilichohesabiwa | Vichwa (idadi ya wafanyakazi) | Saa za kazi |
| Walilinganishwa na | Mashariki ya Pennsylvania | Maeneo mengine ya jimbo la Washington |
| Takwimu zilikotoka | Simu kwa mameneja | Rejesta za bima ya kukosa ajira |
| Matokeo | Ajira haikupungua | Saa zilipungua kwa takriban asilimia 9 |

New Jersey: hesabu ya kutoa mara mbili

David Card na Alan Krueger walipiga simu kwenye matawi ya Burger King, KFC, Wendy's na Roy Rogers mara mbili: Februari na Machi 1992 kabla ya nyongeza, kisha Novemba na Desemba baada yake. Mfanyakazi wa kutwa alihesabiwa 1, wa muda alihesabiwa nusu, na mameneja wakaingizwa humo humo. Pennsylvania, iliyo ng'ambo ya mto Delaware, ilibaki na dola 4.25, kwa hiyo ikawa kipimo cha kulinganishia.

Wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa mmoja wa New Jersey ulitoka 20.44 ukafika 21.03. Pennsylvania ulitoka 23.33 ukashuka hadi 21.17. Ukitoa badiliko la Pennsylvania kwenye badiliko la New Jersey unapata ongezeko la karibu wafanyakazi 2.75 kwa mgahawa, pale ambapo vitabu vya uchumi vilitabiri upungufu.

Sasa zitazame namba hizo tena. Karibu asilimia 80 ya tofauti hiyo imetoka Pennsylvania kushuka, wala si New Jersey kupanda. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza inajikongoja kutoka kwenye mdororo wa 1990 na 1991. Hoja nzima, basi, imesimama juu ya dhana moja: kwamba bila nyongeza, New Jersey nayo ingeshuka kama jirani yake. Dhana hiyo ina mantiki, lakini ni dhana. Ndiyo maana usomaji wa haki ni kwamba hakuna dalili ya ajira kupungua. Mwenye kupanda jukwaani na kudai kuwa mshahara ukipanda ajira huongezeka, ameongeza chumvi.

Dosari ya pili ni simu. Meneja anayeulizwa ana wafanyakazi wangapi wa muda hukisia, na makisio ya Februari na ya Novemba hayalingani hata kama hakuna aliyeondoka. David Neumark na William Wascher walichukua orodha za malipo badala ya simu, wakapata kinyume: ajira ya New Jersey ilipungua ikilinganishwa na Pennsylvania. Hao nao walikuwa na tatizo lao, kwa sababu sehemu ya orodha hizo ilikusanywa kwanza na taasisi yenye uhusiano na sekta ya migahawa. Mwaka 2000 Card na Krueger wakarudi na rejesta za serikali zenyewe, wakakuta athari ndogo isiyotofautishika kwa uhakika na sifuri. Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021. Krueger alikuwa amefariki 2019.

Fedha za nyongeza zilitoka wapi, basi? Sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwa mlaji. Bei ya mlo New Jersey ilipanda kwa takriban asilimia 4 zaidi ya Pennsylvania. Hesabu yake inaingia akilini. Mishahara ikiwa theluthi moja ya mauzo, na robo tatu ya malipo hayo ikienda kwa watu wanaoguswa na sheria, nyongeza ya asilimia 19 ni sawa na asilimia 4 hadi 5 ya mauzo. Mwenye biashara yeyote anaweza kujifanyia hesabu hii kwa jioni moja, na itamfaa kuliko kusoma tafiti kumi: sehemu ya mishahara katika mauzo, mara sehemu inayoguswa, mara asilimia ya nyongeza.

Seattle: saa badala ya vichwa

Kosa la kuhesabu vichwa ni kwamba mwajiri anaweza asimfukuze mtu, ila akamkata saa. Mhudumu aliyekuwa akifanya kazi saa 38 kwa wiki anapewa 30, na kwenye orodha bado anaonekana yupo. Washington ni miongoni mwa majimbo machache ya Marekani ambayo waajiri huripoti saa za kila mfanyakazi, si malipo peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliitumia nafasi hiyo. Walitunga “Seattle ya mfano” kwa kuchanganya maeneo mengine ya jimbo ambayo mwenendo wake wa awali ulifanana na wa jiji, kisha wakailinganisha na Seattle yenyewe.

Ripoti yao ya Juni 2017 ilishtua watu. Malipo kwa saa katika kazi za kipato cha chini yalipanda kwa asilimia 3 hivi, saa zikapungua kwa asilimia 9 hivi. Zidisha 1.03 kwa 0.91 upate 0.937, maana yake jumla ya malipo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 6. Wao walikadiria hasara ya wastani wa dola 125 kwa mwezi kwa kila kazi ya aina hiyo mwaka 2016.

Namba hizo zina mambo mawili ya kutilia shaka. La kwanza, biashara zenye matawi mengi ziliachwa nje, kwa kuwa rejesta hazikuonyesha mfanyakazi yuko tawi gani, na hizo zinaajiri karibu asilimia 40 ya wafanyakazi. Mtu akiacha kazi kwenye duka la mtu binafsi akahamia kwenye mtandao mkubwa wa maduka, kwao amepotea. La pili ni zito zaidi. Seattle ya miaka ile ilikuwa ikifurika fedha za kampuni za teknolojia, na mishahara ilikuwa ikipanda yenyewe. Aliyekuwa akilipwa dola 18 akapandishwa hadi 20 amevuka mstari wa dola 19, na saa zake zimefutika kwenye hesabu kana kwamba kazi imekufa. Ukiona saa zinaanguka mara tatu ya kiwango ambacho malipo yalipanda, shuku mstari kabla hujamshuku mwajiri. Mwezi huo huo wa Juni 2017, timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitoa uchunguzi wake wa migahawa ya Seattle, ikakuta malipo yamepanda na ajira haikutikisika.

Toleo la mwisho la utafiti wa Washington, lililochapishwa 2022, lenyewe linakiri kuwa hesabu ya jumla huenda imekuza athari, kwa kuwa baadhi ya kazi zilipanda tu juu ya mstari. Lakini lina sehemu nyingine inayosomwa kidogo na yenye thamani kubwa. Watafiti walifuata mtu mmoja mmoja. Wenye uzoefu waliongeza kipato. Wasio na uzoefu hawakuona badiliko la maana, kwa sababu saa chache zilikula nyongeza. Na wageni wa soko la ajira walipungua kuingia. Hapo ndipo penye uzito wa Seattle: waliomo ndani walinufaika, na gharama ikaangukia mtu ambaye hakuna anayemhesabu, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa ili aachishwe.

Mstari wa hasara

Kabla ya kubishana kama saa zimepungua, jua zinapaswa kupungua kiasi gani ndipo wafanyakazi kwa jumla yao wapate hasara. Gawanya 1 kwa (1 + nyongeza), kisha toa jibu kutoka kwenye 1. Nyongeza ya asilimia 6 inavumilia upungufu wa saa wa asilimia 5.7. Nyongeza ya asilimia 20 inavumilia 16.7. Nyongeza ya theluthi moja inavumilia asilimia 25. Chini ya hapo jumla ya malipo bado imeongezeka.

Jumla, hata hivyo, huficha mgawanyo. Saa zikipungua kwa asilimia 10 kwa kila mtu, wote wanapumzika kidogo na kulipwa zaidi. Mtu mmoja kati ya kumi akifukuzwa, tisa wanashangilia na mmoja anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hesabu ya jumla mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilipokadiria mwaka 2019 athari ya kufikisha dola 15 nchi nzima ifikapo 2025, ilitoa picha yote: ajira milioni 1.3 kupotea kwa makadirio ya katikati, kuanzia karibu na sifuri hadi milioni 3.7, na watu milioni 1.3 kutoka kwenye umaskini. Anayekutajia moja tu kati ya namba hizo amekuficha nyingine.

Kwa nini ajira isipungue?

Mwenye duka huuliza swali hili kwa mshangao: kitu kikipanda bei, si hununuliwa kidogo? Hununuliwa kidogo pale ambapo mnunuzi hana nguvu juu ya bei. Chukua kiwanda pekee katika mji mdogo, chenye vibarua 20 wanaolipwa 10,000 kwa siku. Wa 21 hakubali kuja chini ya 12,000. Mwajiri akimpa, wale 20 nao watadai hiyo hiyo. Kibarua huyo mmoja atamgharimu 12,000 zake pamoja na 2,000 mara 20, jumla 52,000. Mwajiri anaamua kukaa na 20 na kulalamika kuwa watu hawataki kazi. Sasa sheria iweke 12,000. Wale 20 tayari wanalipwa hivyo, atake asitake. Wa 21 anagharimu 12,000 tu. Ikiwa anazalisha zaidi ya hapo, ataajiriwa.

Sheria ikiweka 25,000 na kibarua anazalisha 18,000, mantiki hiyo yote inageuka na watu wanaachishwa. Kwa hiyo hoja ya kweli haihusu kupanda au kutopanda. Inahusu kima kinatua wapi.

Ujerumani iliupima mkasa huu kwa kiwango cha taifa. Ilianzisha kima cha euro 8.50 kwa saa tarehe 1 Januari 2015, huku baadhi ya wachumi wakitabiri kupotea kwa hadi ajira 900,000. Hazikupotea. Christian Dustmann na wenzake walikuta malipo yamepanda, ajira haikushuka, na wafanyakazi wamehama kutoka kampuni ndogo zinazolipa kidogo kwenda kubwa zinazolipa zaidi. Baadhi ya vibiashara dhaifu vilifunga. Ukiwa mwenye kibiashara hicho, utafiti huo haukufariji.

Tunaouamini zaidi kwa Marekani ni wa Doruk Cengiz, Arindrajit Dube, Attila Lindner na Ben Zipperer wa 2019, kwa sababu unakwepa mitego ya New Jersey na ya Seattle kwa pamoja. Walichukua nyongeza 138 za majimbo kati ya 1979 na 2016, wakahesabu kazi zilizotoweka chini ya kima kipya na zilizojitokeza pale pale au juu yake kidogo. Idadi zikakaribiana. Mpaka wa ushahidi wao ni kima kisichozidi takriban asilimia 59 ya mshahara wa katikati, yaani wa yule anayesimama katikati ukiwapanga wafanyakazi wote kwa malipo. Juu ya hapo hawana la kusema, na anayewanukuu kutetea kima cha asilimia 80 amewasingizia.

Ukiuleta mjadala huku kwetu

Ugumu unaanzia kwenye uwiano huo. Kenya, kuanzia 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kima chake kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa nyumba anaongeza asilimia 15 ya makazi, hivyo inafika 18,530.81. Kibarua wa shamba asiye na ujuzi aliwekewa 7,997.33. Asilimia 6 ile ile iliongezwa kote, lakini inapotua si mahali pamoja. Tanzania nayo ina viwango kwa sekta, na serikali ilipotangaza Oktoba 2025 kima cha sekta binafsi kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, namba hizo zilikuwa wastani wa sekta. Usizitumie kukokotoa mishahara ya shamba lako au ya duka lako. Fungua amri yenyewe utafute sekta yako. Uganda ina kima cha 6,000 kwa mwezi tangu 1984, na Rais alikataa kusaini muswada wa 2019 wa kukibadilisha. Kima cha namna hiyo hakiwezi kuua ajira wala kumsaidia mtu, kwa sababu hakimgusi yeyote.

Lingine ni kwamba huku aliyepoteza kazi rasmi haendi kwenye bima ya kukosa ajira. Anatandika meza ya mitumba au anapanda bodaboda, na takwimu zinamhesabu ana kazi. Utafiti wa Kenya wa Mabel Andalón na Carmen Pagés, uliotumia takwimu za mwisho wa miaka ya 1990, ulikuta kima kikipanda kwa pointi 10 za asilimia kikilinganishwa na mshahara wa katikati, sehemu ya ajira rasmi hupungua kwa kati ya takriban pointi 1 na zaidi kidogo ya 5, na watu wanaojiajiri huongezeka. Ni uhusiano tu kwenye takwimu za wakati mmoja na haukuthibitisha sababu, lakini unaonyesha pa kuangalia.

Afrika Kusini ina jozi ambayo ingestahili kujulikana kuliko New Jersey na Seattle zote mbili. Novemba 2002 iliwawekea kima wafanyakazi wa majumbani. Ndani ya miezi 16 malipo yao yalipanda kwa karibu asilimia 20, ajira haikuonekana kushuka, na hayo yalitokea bila ukaguzi wa maana. Machi 2003 ikafuata kwa vibarua wa mashamba. Malipo yakapanda kwa takriban asilimia 17, na ajira ikashuka waziwazi. Nchi ni moja, miezi minne tu imepita kati ya amri hizo mbili, na majibu ni tofauti. Tofauti iko kwenye kazi yenyewe. Mwenye shamba anaweza kununua mashine, kubadili zao, au kuita vibarua wa msimu peke yao, na bei ya zabibu au mahindi haipangi yeye. Mama anayeondoka nyumbani saa 11 alfajiri hana mashine ya kulea mtoto.

Ushike upi?

Katibu wa chama anayedai nyongeza ndogo au ya wastani katika hoteli, ulinzi au usafi, ambako bei inaweza kupanda kidogo na mteja asikimbie, ashike New Jersey akiifungamanisha na utafiti wa nyongeza 138, na aende mezani akiwa na uwiano wa kima na mshahara wa katikati wa sekta yake. Bila uwiano huo atapigwa kwa namba moja tu ya mwajiri.

Mwajiri anayepinga asitumie dola 125 za Seattle, maana upande wa pili ukisoma toleo la 2022 hoja imekwisha. Atumie sehemu ya wanaoanza kazi, aonyeshe kwa takwimu zake mwenyewe ni vijana wangapi wasio na uzoefu aliowachukua kila mwaka. Mwenye shamba na mwenye kiwanda cha kuuza nje, ambao bei hupangiwa mnadani au bandarini, wana hoja nzito zaidi kuliko mwenye mgahawa, na kesi yao ni mashamba ya Afrika Kusini.

Anayetunga kima cha wafanyakazi wa majumbani atazame amri ya Tanzania iliyoanza Januari 2023, iliyoweka 60,000 kwa anayeishi kwa mwajiri, 120,000 kwa asiyeishi hapo, kwa kaya za kawaida. Pengo la mara mbili kama hilo linampa mwajiri sababu ya kumhamishia dada ndani, na anayelala kwa mwajiri saa zake hazina mwisho. Hesabu ya vichwa haitaonyesha chochote. Anayetaka kujua kilichotokea itabidi aulize mambo manne miezi mitatu kabla ya kima kipya kuanza, na ayaulize tena mwaka mmoja baadaye kwa kaya zile zile na katika miezi ile ile ya mwaka: anaamka saa ngapi na kulala saa ngapi, anapewa shilingi ngapi mkononi, ana siku ngapi za mapumziko kwa mwezi, na chakula na malazi vinakatwa kiasi gani.